Mzee Nyakundi Aliingia au Hakuingia?

Chaja ndiyo iliyoleta balaa lote. Sheila alikuwa akizungumza na babu yake kwa video asubuhi ya Jumapili, betri ikaanza kulia, na chaja haikuwa mahali pake. Akaondoka sebuleni na simu mkononi, babu akiwa bado anamsimulia habari za ndama aliyegoma kunyonya, akapita jikoni, akasukuma mlango wa chumba cha wazazi wake bila kubisha. Mama yake, Drusilla, alikuwa ndiyo kwanza ametoka kuoga. Alikuwa amejifunga taulo, tena lile dogo, taulo la mtu asiyetarajia wageni.

Kamera iliyokuwa imewashwa ni ile ya mgongoni mwa simu, inayotazama mbele. Kule Nyamira, kwenye kilima cha chai upande wa Kebirigo, Mzee Nyakundi aliyekuwa ameketi barazani kwake akajikuta uso kwa uso na mkaza mwana wake, na nyuma ya mkaza mwana kitanda cha mwanawe, tena hakijatandikwa.

Drusilla alipiga ukelele akimwita mama yake aliyekwisha kufa, kama Wagusii wanavyofanya wakishtuka. Kwenye kioo Sheila aliona macho ya babu yakimtoka, kisha akaona anga, kisha ukingo wa bati, kisha majani ya chai yakiwa kichwa chini. Simu ya babu ilikuwa imeanguka, na nyayo zake zilisikika zikienda mbali. Kwa mtu mwenye magoti mabovu, alikwenda mbio kwelikweli.

Asiye wa huko atacheka, aendelee na shughuli zake. Lakini Wagusii wana kitu wanachokiita chinsoni, yaani haya yenye mipaka: nani asimame wapi, nani asitajane na nani, nani asivuke mlango upi. Baba haingii nyumba ya mwanawe aliyeoa. Akija kumtembelea huwekewa kiti uani, na siku hizi, mvua ikinyesha, hukaribishwa sebuleni, naye hukaa karibu na mlango kama mtu anayengoja gari. Chumbani hata jicho lake halifiki. Tangu Ochoki, baba yake Sheila, ajenge nyumba yake pale Kiogoro, baba yake hakuwahi kujua hata pazia la chumba chake lina rangi gani. Sasa alijua. Lilikuwa la zambarau.

Sheila, Mungu amsamehe, alicheka. Alicheka mpaka akamwangalia mama yake, akaona mama ameketi kitandani amejifunika blanketi hadi shingoni, macho yamejaa machozi. Hapo kicheko kikamkauka mdomoni.

"Mama, si ni video tu!"

"Lete simu," alisema Drusilla.

Simu ikatiwa sandukuni, sanduku likafungwa kwa kufuli. Sheila alidhani ingekaa humo siku mbili tatu, hasira ziishe, mambo yarudi kama kawaida. Alijidanganya. Katikati ya wiki alifika Mzee Onchiri, jirani wa babu kule kilimani, amebeba kifurushi cha gazeti. Alikataa chai. Alisimama uani, akamkabidhi Ochoki kile kifurushi, na ndani yake ilikuwamo simu ya babu, ile ya kupangusa ambayo Ochoki mwenyewe alimnunulia.

"Baba yako anasema hivi," alisema Mzee Onchiri, akiitazama miguu yake. "Anasema ameingia nyumba yako. Hakukusudia, lakini ameingia. Kwa hiyo wewe usiende kwake, na yeye hatakuja kwako, na hiki chombo hakitaki tena, mpaka ijulikane kama ni kweli aliingia au hakuingia."

"Lakini Tata hakuingia!" alisema Ochoki, akimtaja baba yake kwa Kigusii. "Alikuwa kwake barazani. Aliona picha."

"Ndivyo nilivyomwambia hata mimi. Wazee tulikaa tukalijadili jambo hilo. Wengine walisema aliingia, wengine walisema mguu haukufika. Sheria za zamani hazikutaja kioo. Akasema basi, anayeijua simu na aje amwambie."

Sheila alikuwa amesimama mlangoni, na maneno hayo yalimchoma. Maana huyo babu hakuwa babu wa kuamkiwa tu na kuachwa. Kati ya babu na mjukuu hakuna chinsoni. Hao hutaniana watakavyo, na hawa wawili walikuwa wametaniana tangu Sheila ajue kusema. Nyanya alipofariki mwaka juzi, mzee alinyamaza kabisa. Alikaa barazani akitazama chai kuanzia asubuhi hadi jioni, anapelekewa chakula na kukirudisha nusu. Ni simu iliyomtoa huko. Sheila alikuwa akimpigia anamwambia, "Njoo nikutembeze, Sokoro," maana ndivyo Wagusii wanavyomwita babu, kisha anamtembeza kweli. Alimpeleka soko la Keumbu akaona ndizi zikipandishwa kwenye malori. Alimpeleka mjini Kisii akapanda ngazi zinazojiendesha zenyewe ndani ya duka kubwa, naye akauliza ngazi zikifika chini huwa zinakwenda wapi. Sheila hakujua. Ilibidi amuulize mlinzi, na mlinzi naye hakujua, wakabaki wote watatu wakizitazama.

Udadisi huo Sheila alikuwa ameurithi kwa babu. Sasa mzee angerudi kwenye ile baraza yake na ule ukimya wake, na aliyemrudisha huko ni yeye Sheila kwa kiherehere cha chaja. Usiku ule alikosa usingizi. Asubuhi aliamka ameshapiga moyo konde.

"Baba, mimi naijua simu. Nitakwenda nimwambie."

Ochoki alimtazama, akajikuna kidevu. Katika nyumba ile hakuna aliyeijua simu kumshinda Sheila, hilo hata paka alilijua. Binti alikuwa kidato cha tatu, shule zimefungwa, na likizo yote alikuwa ameipitishia kwenye simu. Alikula nayo, alilala nayo, alikwenda nayo hadi chooni, na zaidi ya mara moja alianguka nayo njiani kwa kutotazama anakokwenda.

"Utamwambia nini?" aliuliza Drusilla kutoka jikoni.

"Kwamba hakuingia. Nitampelekea ushahidi."

Drusilla aliweka mwiko chini. Baada ya muda walisikia kufuli likifunguliwa. Akaja na simu, akaiweka mezani mbele ya binti yake. "Ni ya kazi hiyo tu," alisema. "Na utafute ukweli, Sheila. Usitafute unachokitaka."

Tusidanganyane, Sheila alikuwa akitafuta anachokitaka. Alimtaka babu, na aliitaka simu, na kama babu hakuingia angevipata vyote viwili bila mtu kulaumiwa. Kwa hiyo alianza kwa Mwalimu Mose, aliyewafundisha kompyuta, akijua fika atakachoambiwa. Alimkuta mwalimu nyumbani kwake, amefungua kompyuta ya mapajani anasahihisha mitihani.

Mwalimu Mose alilipenda swali hilo kuliko mitihani. Alieleza kwamba kamera hupokea mwanga tu. Mwanga hugeuzwa kuwa namba, namba husafirishwa hewani kutoka mnara hadi mnara, na simu ya upande wa pili huzipanga tena ziwe picha. "Kilichofika Nyamira si mama yako," alisema. "Ni hesabu. Na aliyekuja Kiogoro si babu yako. Hakuna mtu aliyetoka alipokuwa."

Sheila alifurahi karibu amkumbatie. Alikuwa ameshapata jibu lake, zuri, la kisomi, na angeweza kuondoka. Lakini udadisi ni ugonjwa. Alipokuwa akiaga, macho yake yalitua juu ya kioo cha ile kompyuta, pale ilipo kamera, akaona pamebandikwa kipande cha plasta, ile ya kufungia kidonda.

"Mwalimu, hii ni ya nini?"

Mwalimu Mose alicheka kidogo. "Aah, hiyo. Sipendi tu mtu anitazame nikiwa nyumbani kwangu."

"Lakini si umesema ni hesabu?"

Mwalimu akaivuta mitihani yake karibu. Akasema Sheila aende akapige hodi kwa mwalimu wa dini.

Njia nzima ya kurudi Sheila alikuwa akiiwaza ile plasta. Akaamua kufanya jaribio, kama wanavyofanya kwenye maabara, alione jambo kwa macho yake. Alimpigia rafiki yake Cynthia kwa video, akamwomba asiseme kitu, awe pale tu, kisha akaanza kuitembeza simu nyumbani mwao na kuangalia watu watafanya nini.

Aliiweka kwanza mezani, imeegemezwa kwenye birika, wakati wa chakula cha mchana. Baba yake alikuwa katikati ya kisa cha fundi mmoja wa Kenyenya aliyejenga ukuta akasahau kuacha mlango, naye akisimulia kisa hujisahau, hupiga meza, huongea na mdomo umejaa. Alipoiona simu imewaka na uso wa Cynthia ndani yake, aliufunga mdomo, akavuta shati, akasema, "Hujambo, Cynthia," kwa ile sauti yake ya kanisani. Kisa hakikuisha. Mama naye alinyanyuka akaenda kufunga kitambaa kichwani. Sheila akaigeuza simu kifudifudi, kioo chini. Hata hivyo wakaendelea kuongea kwa kunong'ona.

Ajabu, alijisemea. Kama ni hesabu, kwa nini Baba anavuta shati?

Akaitoa mezani, akaipeleka karibu na mlango wa mbele, kwenye kile kigoda wanachokalia wageni wasio na haraka ya kuondoka. Hapo mambo yakawa mengine. Mama alipita akamsalimia Cynthia, wakaulizana habari za nyumbani, kisha kila mtu akarudi kwenye shughuli zake. Baba akaanza upya kisa cha fundi, akapiga meza kweli, na Cynthia akacheka kutoka mlangoni kama mgeni yeyote aliyekaribishwa akakaa. Sheila alisimama katikati ya sebule, anatazama kigoda, anatazama meza, anatazama kigoda tena. Simu ilikuwa ileile na Cynthia alikuwa yuleyule. Kilichobadilika ni mahali alipokaa.

Akabakiwa na sehemu moja. Aliichukua simu akaingia nayo chumbani kwake, akaiegemeza dirishani pale inapokaa kila usiku, akajilaza kitandani kama kawaida yake. Ila leo alijitazama. Akajiona anavyolaza shingo upande ule unaompendeza. Akajiona anavyoisukuma sketi chafu ya shule nyuma ya mto kwa mguu, bila hata kufikiri. Hata peke yake kitandani hakuwa peke yake, na mwili wake ulilijua hilo zamani, akili ndiyo iliyokuwa imechelewa.

Kisha akatazama juu, akaiona neti.

Neti yake ya mbu ilikuwa ya buluu, na kwenye kona kulikuwa na mshono alioushona mwenyewe wiki tatu nyuma. Sheila aliutazama ule mshono akakumbuka kwa nini aliushona. Likizo hiyo yeye na wenzake walikuwa na kundi lao, wakipigiana video usiku na kuziacha simu zimewaka mpaka usingizi uwachukue, wapate kulala kama walio bweni moja. Usiku mmoja mtu fulani kundini aliandika: "Sheila shona neti yako, imetoboka kona ya juu." Wote walicheka. Kesho yake alitafuta sindano na uzi akashona, tena akashukuru.

"Cynthia," alisema, akiinuka. "Yule mwenye picha ya kiatu cha mpira, aliyesema neti yangu imetoboka. Ni nani?"

"Mwenye kiatu? Si ni rafiki yako?"

"Si wangu. Nilidhani ni wako."

Cynthia aliusogeza uso karibu na kioo. Kisha akasema polepole, "Mimi nilidhani ni wako, ndiyo maana hata sikuuliza."

Walitafuta jina, hapakuwa na jina. Walimuuliza mwenzao aliyelianzisha kundi, naye akasema mtu huyo aliongezwa na mtu aliyeongezwa na mtu. Hakuwahi kuonyesha uso wala kusema neno zaidi ya hilo la neti. Alikuwa akikaa tu kimya, usiku baada ya usiku, na tundu lile lilikuwa dogo. Ilihitaji kutazama sana ndipo ulione.

Sheila alikwenda jikoni moja kwa moja akamweleza mama yake yote. Alitarajia makofi, au sanduku na kufuli mpaka atakapoolewa. Drusilla alizima jiko, akamketisha, akamsikiliza hadi mwisho, kisha akamkumbatia kwa muda mrefu. "Sasa unajua nilivyojisikia," alisema hatimaye. Wakakaa pamoja, wakamtoa Sheila kwenye lile kundi, wakawapigia wazazi wa wenzake mmoja mmoja, na kabla ya jua kutua kundi lenyewe lilikuwa limevunjwa.

Lakini safari ya Nyamira ilikuwa bado inamngoja, na sasa ilikuwa nzito. Jibu la Mwalimu Mose alikuwa nalo, zuri, halina kasoro. Angelitoa na babu angelipokea. Mzee angeichukua simu yake, Baba angecheka, na hakuna ambaye angelazimika kusema kwamba Sheila alimbeba baba mkwe wa mtu akamwingiza chumbani. Akisema alichokiona kwenye jaribio lake, basi kosa ni lake, limetajwa, limethibitishwa na mkosaji mwenyewe. Na huenda mzee akisikia aliingia kweli, aibu ikammaliza, asitake tena kusikia hata mlio wa simu maisha yake yote. Hilo la mwisho ndilo lililomtisha.

Alimkuta babu ndani ya chai, kikapu mgongoni, anachuma bila haraka. Alikuwa amekonda. Sheila alimwamkia, na mzee akaitikia, lakini hakumtania.

"Umekuja kuniambia," alisema Mzee Nyakundi.

"Ndiyo, Sokoro."

"Haya. Niambie taratibu, mimi sikusoma."

Sheila akamweleza habari za mwanga na namba na minara. Mzee alisikiliza huku vidole vyake vikiendelea kuchuma, majani mawili na chipukizi, majani mawili na chipukizi. "Kwa hiyo mwalimu anasema sikuingia."

"Mwalimu anasema hivyo."

"Na wewe?"

Sheila alitazama vidole vya babu vikichuma. Angeweza kunyamaza tu hapo, na kunyamaza kungetosha. "Mimi nasema uliingia, Sokoro."

Vidole vikasimama.

"Nilijaribu," aliendelea Sheila, na sasa machozi yalikuwa yakimtoka. "Nilimweka Cynthia mezani, Baba akavuta shati. Nilimweka mlangoni, wakamsahau. Watu wanajua mtu akiingia hata kama akili inasema ni picha. Na nilipokupeleka Keumbu nilisema umefika Keumbu, sikusema umeona picha ya Keumbu. Uliingia chumbani kwa Mama. Lakini hukujiingiza. Mimi ndiye niliyekubeba."

Mzee Nyakundi aliteremsha kikapu chini. Aliketi juu ya jiwe mwisho wa mstari wa chai, akafunika uso kwa viganja, na Sheila akadhani amemuua. Lakini alipoviondoa viganja uso wake ulikuwa umelegea, uso wa mtu aliyevuliwa viatu vinavyobana.

"Unajua watu wangu wa karibu wote waliniambia sikuingia?" alisema. "Mwanangu, Onchiri, hata pasta. Mpaka nikaanza kuogopa kwamba uzee umenifika kichwani. Nikijiuliza, kama sikuingia, pazia la zambarau nililionea wapi?" Akatikisa kichwa. "Asante. Sasa jambo hili lina njia. Jambo ambalo halikutokea haliwezi kutengenezwa."

Sheila aliketi kando yake kwenye majani. Akamweleza na la mwenye kiatu, maana lilikuwa bado linamkaa moyoni. Mzee alisikiliza kwa makini kuliko alivyosikiliza habari za minara. Alitaka kujua mtu huyo ni wa ukoo gani, na Sheila akasema hajulikani. Akataka kujua ana chinsoni na nani katika nyumba yao, na Sheila akasema hana na mtu yeyote.

"Mimi nilipoona nisichopaswa kuona, nilikimbia," alisema Mzee Nyakundi. "Nikaitupa simu, na magoti haya unayajua. Yeye alikaa akatazama mpaka akaliona tundu." Kisha akauliza, kwa ule udadisi wake wa zamani ambao Sheila alikuwa ameukosa wiki nzima, "Hivi mjukuu wangu, wewe ukiitika simu, huwa unajua umewaweka watu wako wapi?"

Sheila alifikiri. "Hapana," alisema. "Huwa najua mimi niko wapi tu."

Mzee aliinuka, akaingia nyumbani, akakawia. Alitoka na shuka jipya la kitenge, lingali na mikunjo yake, ambalo nyanya alilinunua akafa kabla ya kulivaa. "Mpe mama yako," alisema. "Nilimwona hajafunikwa, sasa nataka kumfunika. Usimwambie maneno mengi. Ataelewa."

Drusilla alielewa. Alilipokea shuka kwa mikono miwili, akalishika kifuani bila kulikunjua, akaenda nalo chumbani akafunga mlango. Siku mbili baadaye Mzee Onchiri alipita Kiogoro, akapewa unga wa wimbi ampelekee mzee, na juu ya unga, imefungwa kwenye kitambaa safi, simu yake ya kupangusa.

Tangu siku hiyo kile kigoda cha karibu na mlango kina mwenyewe. Hakuna aliyetunga sheria, na Ochoki aliyejaribu kuanza hotuba juu ya vijana wa siku hizi aliambiwa na mkewe aende akalishe ng'ombe. Ni Sheila tu aliyeiweka simu pale jioni moja, akasema hapo ndipo inapokaa bila kumsumbua mtu, na watu wakazoea. Ikilia, yeye ndiye anayeifuata. Siku za kwanza alikuwa akijigeuza kitandani kama mtu aliyenyang'anywa mto, na mara mbili alikwenda kunyemelea sebuleni kwa vidole vya miguu. Kisa cha fundi wa Kenyenya hatimaye aliusikia mwisho wake. Fundi alikuwa amejijengea ndani.

Jumapili simu ikalia. Sheila aliifuata mlangoni, akaipangusa, na uso wa babu ukajaa kioo kizima, pua mbele, kama kawaida yake ya kuishika karibu mno. Zamani neno lake la kwanza lilikuwa kuuliza, "Uko wapi?" Leo hakuuliza hivyo.

"Mimi niko wapi?" aliuliza Mzee Nyakundi.

"Uko sebuleni, Sokoro. Kwenye kigoda, karibu na mlango wa mbele."

"Na ule mlango mwingine?"

"Umefungwa."

"Basi vizuri. Ndama amekubali kunyonya, mkorofi yule." Na akaanza kusimulia, na alikuwa ndiyo kwanza amefika penye utamu, betri ikalia. Sheila alitazama huku na huku. Chaja haikuwa mahali pake.

"Ningoje hapo, Sokoro," alisema. Aliiacha simu juu ya kigoda, babu akiendelea kusimulia habari za ndama peke yake, akapita jikoni mikono mitupu, akasimama mbele ya mlango wa chumba cha wazazi wake, akabisha.

"Nani?" aliuliza mama yake kutoka ndani.

"Mimi."

"Wewe na nani?"

"Peke yangu, Mama."

Mlango ukafunguliwa. Drusilla alikuwa amejifunga lile shuka la kitenge, na chaja ilikuwa mkononi mwake.